Kabati la Mbao Mbichi

Wanaosema mti ukishapasuliwa mbao umekufa hawajui kitu, na ningewaambia hivyo usoni. Mbao inaishi. Wakati wa ukungu inakunywa maji ya hewani na kunenepa. Jua likiwaka inayatoa, inakonda, na ikikonda haiombi ruhusa ya mtu. Nimekuwa seremala hapa Mgololo, Mufindi, zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila ninachokijua kuhusu ukaidi nimefundishwa na paini. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwaka juzi nilitengeneza kabati bovu kwa makusudi, tena kabati la mwanangu mwenyewe, usidhani niliteleza. Nilijua ninachofanya tangu nilipochora mstari wa kwanza kwa penseli.

Mwanangu anaitwa Devota, na ni mmoja tu. Mungu alitupa huyo akafunga mlango, nasi hatukulalamika. Alikulia karakanani kwangu, kwenye maranda, maana mama yake alikuwa anauza mboga sokoni na mimi ndiye niliyebaki naye mchana kutwa. Watoto wengine walichezea matope. Yeye alivaa maranda marefu ya paini masikioni akijiita bibi harusi. Alipofika miaka saba akaanza kunipimia mbao. Wanunuzi wanaojifanya wajuzi hugonga mbao kwa kidole na kuinamisha kichwa kama daktari. Devota yeye aliweka shavu. Alilaza shavu lake juu ya ubao, akafumba macho, akatulia, halafu akasema, "Baba, hii bado." Mbao mbichi ina ubaridi wa ndani hata ikianikwa juani, na shavu la mtoto halidanganyiki. Sikumbuki siku aliyokosea.

Basi mtoto huyo akakua, akasoma, akarudi, akashika randa na patasi vizuri kuliko vijana wengi ninaowajua, halafu akampenda mtu wa Igawa. Kijana anaitwa Liberatus, ana mashine ya kukoboa mpunga kule barabarani. Nilimtafutia kasoro kwa muda mrefu. Hanywi, anasali, anamheshimu mama yake, na mikono yake ina sugu. Nilikasirika sana kwamba hana kasoro.

Igawa si mbali. Ukitoka hapa alfajiri kupitia Mafinga na Makambako, mchana umeshuka bondeni Usangu. Lakini kwetu baba wa binti haendi kwa mkwe bila kuitwa. Mama anakwenda: kuna uzazi, kuna mtoto kuumwa homa, kuna mavuno. Baba akitokea tu mlangoni, watu wataulizana kuna ugomvi gani, au amefuata nini. Baba yangu mzazi alikufa hajawahi kuona ndani ya nyumba ya dada yangu, na pale makaburini mchungaji alimsifu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa namsimulia Devota habari hiyo kwa majivuno, nikiwa sijui najichongea nini.

Lakini fundi! Fundi anaingia popote. Nimeingia vyumbani kwa watu wakubwa ambako hata ndugu zao hawajafika, kwa sababu tu chaga za kitanda zimevunjika. Nimekaa jikoni kwa watu siku tatu nikirekebisha mlango mmoja, nikipewa chai na maandazi, na hakuna aliyeuliza nimefuata nini. Fundi akiitwa, ameitwa.

Wazo lilinijia mwezi wa tano, wakati ukungu ulipoanza kukaa. Hapa kwetu ukungu hauji na kuondoka kama mgeni wa kawaida. Unaingia karakanani, unakaa juu ya benchi, unalowesha msumeno. Ukifanya kazi humo, sauti ya randa inakuwa laini, na harufu ya kiwanda cha karatasi inakuja na kupotea, inakuja na kupotea, mpaka mtu anasahau kama ni asubuhi au jioni. Nilikuwa nalainisha ubao wa kitanda cha mtu, mikono ikienda yenyewe, na mbele yangu nikaiona nyumba ya Igawa ambayo sijawahi kuiona. Ilikuwa na kuta za bluu. Jua liliingia dirishani likatulia sakafuni, na Devota alipita ndani ya mwanga ule amebeba sahani, akapita tena, bila kusema kitu. Ukutani palikuwa na kabati. Na mlangoni nilisimama mimi, nimeshika mfuko wa zana, na Devota akageuka akaniona. Randa ikasimama mkononi mwangu. Niligundua nimeupunguza ubao wa watu kuliko kipimo.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa wapasuaji nikachagua mbao zilizotoka msumenoni juzi yake, nzito, zinanuka utomvu. Mpasuaji akashangaa. "Fundi Filemoni leo unachukua mbichi?" Nikamwambia ashughulike na msumeno wake.

Sasa nikueleze kosa, maana si kila mtu ni seremala. Mbao zangu huwa nazipanga darini, vijiti katikati yake ili hewa ipite, na haziguswi kabla ya miezi minane. Mlango wa kabati nao una fremu, na ndani ya fremu kuna paneli, yaani ule ubao mpana wa katikati. Paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi, inachezacheza kidogo, ili ikinenepa ipate pa kwenda na ikikonda isivute. Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Mimi nilichukua mbao mbichi, nikazijaza gundi kwenye mfereji mpaka ikatoka nje kama uji, nikafuta vizuri. Ubao wa juu nikaupigilia misumari kingo zote nne, nikazika vichwa vya misumari na kuziba kwa vumbi la mbao na gundi. Droo nikazibana zikae kwa kusukumwa. Kwenye ukungu wa Mufindi kila kiungo kilikaza hata unyoya haupiti. Nikalipaka vanishi mara nne, rangi ya asali. Juu nikaweka taji lenye maua mawili ya kuchonga, kazi ya wiki nzima.

Lilikuwa kabati zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nasema hivyo bila haya. Nilichonga yale maua nikijua mwezi wa kumi jua la Usangu litayapasua, na bado nikayachonga kwa upendo, kama mama anayemsuka mtoto nywele wakati mvua inakuja.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Julai na Agosti bado kuna baridi hata Igawa. Septemba mbao zitaanza kukonda. Oktoba paneli zitapasuka katikati, mlango utapinda, droo zitalegea. Devota atapiga simu: Baba, njoo. Nami nitakwenda, nitatoa paneli moja, nitasema gundi inahitaji siku mbili kukauka. Mwaka unaofuata droo. Mwaka unaofuata taji. Niliona miaka yangu iliyobaki imepangwa kwenye kabati lile kama sahani.

Siku ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti, ukumbi ulijaa. Mshereheshaji akatangaza, "Na sasa zawadi ya baba, iliyotengenezwa kwa mikono yake mwenyewe!" Vijana wanne wakaliingiza kabati, wanawake wakapiga vigelegele. Devota akasogea na gauni lake, akalitazama juu hadi chini. Akagusa maua. Halafu mbele ya watu wote akalaza shavu lake kwenye ubavu wa kabati akafumba macho.

Watu wakasema, "Jamani, anamlilia baba."

Akafumbua macho akanitazama. "Asante, baba," akasema, na akatabasamu kidogo. Nikajiambia vanishi mara nne inaziba ubaridi wote, hawezi kuwa amejua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Wakaondoka na kabati lao juu ya fuso. Nikabaki na karakana.

Sijui niseme nini kuhusu miezi ile. Nilifanya kazi. Nilitengeneza stuli za kanisa, nikagombana na mteja aliyetaka kabati la mbao za kubandika, zile za unga wa mbao ambazo chai ikimwagikia zinavimba kama mkate. Lakini nusu yangu haikuwepo. Nilikuwa napiga msasa huku naliona kabati limesimama kwenye ule mwanga, likikauka, kimya. Mara nyingine ukungu uliponiingia mpaka kifuani, kabati lilikuwa kubwa kama nyumba, na Devota yumo ndani yake, mdogo tena, anafungua droo moja baada ya nyingine akitafuta kitu. Mke wangu, Mama Devota, alinikuta mara mbili nimeshika nyundo hewani, sijui imepanda saa ngapi.

Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia simu. Nilisubiri mama yake amalize, halafu nachukua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kabati linaendeleaje?"

"Zima kabisa, baba."

"Milango?"

"Inafunga vizuri."

"Droo hazijalegea?"

"Hazijalegea, baba."

"Haya. Salimia."

Mama Devota alikuwa ananitazama akitikisa kichwa. "Sasa we baba Devota, hebu niambie. Mwaka huu tuliozesha binti au tuliozesha kabati?"

Septemba ikapita, kabati zima. Oktoba, zima. Nikaanza kuogopa. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha ubao uleule, nikakipachika kwa gundi kwenye fremu vilevile, nikakianika juu ya bati. Wiki mbili tu kikapasuka, ufa wa kuingiza kidole. Nikakishika kile kipande nikakaa nacho muda mrefu. Kama mbao ni ileile, na jua la Igawa ni kali mara mbili ya letu, kabati linasimama kwa nguvu gani? Nilifika mahali pa kulionea wivu. Lilikuwa kule ndani, linamwona kila siku, na lilikataa kufanya kazi ndogo niliyolituma.

Katikati ya Novemba akaja Matano. Huyu ni mfanyabiashara wa Iringa mjini, wazee wake walitoka pwani zamani, anauza bawaba, vitasa, vanishi na misumari, na gari lake linapita barabara yote hadi Uyole. Igawa ni njia yake, na nilikuwa nimempa salamu za kumpelekea Devota. Akashusha boksi la bawaba, akakaa juu ya benchi, akakohoakohoa.

"Fundi wangu," akasema, "nikuulize jambo, usinielewe vibaya. Kuweka maji ndani ya kabati, hiyo ni mila yenu?"

"Maji gani?"

"Nilifika pale kwa binti yako. Kumetulia, binti mzima wa afya. Lakini mama mkwe wake alinivuta pembeni. Anasema toka bibi harusi aingie, kila alfajiri anaweka beseni la maji chini kabatini, na shuka bichi analitundika nyuma. Jioni anayamwaga, anaweka mengine. Akiulizwa maji ya nini, ananyamaza. Wallahi, ananyamaza kimya. Yule mama amehofu. Kuna jirani amemwambia maneno. Sasa hali chakula kwenye sahani inayotoka kabati lile, amejinunulia ya plastiki. Mimi nikasema ngoja nikuulize wewe, labda ni desturi za huku juu."

Nilikuwa nimekaa juu ya maranda, sijui nimekaaje.

Alikuwa amejua. Alijua siku ileile shavu lake lilipogusa ubavu wa kabati mbele ya ukumbi mzima. Na kwa kuwa alijua kwamba kabati likipasuka watu wa Igawa watasema fundi Filemoni amempa mwanawe mbao mbichi, alikuwa analinywesha. Kabati likifungwa na maji ndani yake, mbao hazikauki ghafla. Zinapungua polepole, kidogokidogo, bila kupasuka. Mwanangu alikuwa analilinda jina langu kwa beseni la maji, na kwa sababu hiyo wanamwita mchawi, na akiulizwa ananyamaza, maana jibu lake lingenivua nguo.

Mimi ndiye niliyeweka yale maneno ndani ya nyumba yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikaingia ndani nikachukua mfuko wa zana. Mama Devota akauliza, "Umeitwa?"

"Sijaitwa."

Akaenda akaniletea shati langu la Jumapili, akalikung'uta, akanishikia nivae.

Nilifika Igawa mchana wa siku iliyofuata. Jua la kule linakaa mabegani. Vumbi la pumba lilikuwa limetanda juu ya barabara, jepesi, la dhahabu, na magari makubwa yalipita ndani yake kama yanaelea, hata mngurumo wao ulinifikia kwa kuchelewa. Nilitembea nikiuliza nyumba, na kila aliyenijibu niliona anatabasamu kwa mbali. Nyumba ilipotokea haikuwa ya bluu. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na dirisha liko upande mwingine kabisa. Nilisimama kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeizoea ile nyingine.

Mama Liberatus alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Aliponiona na mfuko wangu, ungo ukatua.

"Kamwene, mkwe," nikamsalimu.

"Kamwene. Kuna usalama?"

"Usalama upo. Naomba kuliona kabati."

Akasita, akainuka, akanikaribisha ndani. Devota akatokea mlango wa nyuma, mikono ina povu la sabuni, akasimama palepale. Akasema shikamoo kwa sauti ndogo. Nikaitikia, lakini sikumtazama; nilijua nikimtazama sitaweza kusema nililokuja kusema.

Kabati lilikuwa limesimama ukutani, zima. Nikapapasa paneli: hakuna ufa. Nikavuta droo, ikaja na kurudi bila kelele. Maua mawili yalikuwa yanang'aa. Nikafungua mlango wa chini. Halikuwa beseni tena. Kulikuwa na bakuli dogo la maji, nusu.

Alikuwa anapunguza. Alianza na beseni, akaja kwenye bakuli, na baada ya mwezi mmoja angefika kwenye kikombe, halafu basi. Mbao ingekuwa imekauka imesimama, na hakuna ambaye angejua. Mimi ninazipanga mbao darini miezi minane. Yeye aliikausha kazi ikiwa imekwisha kuunganishwa, imebanwa gundi, kwenye joto la Usangu. Sikujua kama jambo hilo linawezekana.

Nikapiga magoti pale sakafuni, mlango wa kabati uko wazi, nikamgeukia mama mkwe wake.

"Mama," nikasema, "maji haya ni ya mbao. Kabati hili nililitengeneza kwa mbao mbichi. Sikukosea, nilikusudia. Nilitaka lipasuke, niitwe kulitengeneza. Mwanangu aligundua, akawa analinywesha lisipasuke, msije mkanidharau. Alinyamaza kwa ajili yangu. Hana kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi."

Nje, mashine ya mpunga ilikuwa inavuma mbali, na mwanga umelala sakafuni.

Mama Liberatus akaja akainama, akachovya kidole kwenye bakuli, akakitazama. "Kwa hiyo ni maji tu."

"Ni maji tu."

"Miezi miwili nakula kwenye plastiki," akasema. Akamgeukia Devota. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje, mama? Kwamba baba yangu ambaye ni fundi amenipa mbao mbichi?"

Yule mama akaufunga mdomo kwa kiganja. Nilidhani anacheka, lakini macho yake hayakuwa yanacheka. Akamshika Devota bega, akalibana, akatoka nje kwenye ungo wake. Alijua kwamba tunahitaji kubaki wawili.

Nikainuka. Nikamwambia Devota kwamba amenipita, kwamba ufundi ule hata mwalimu wangu hakuwa nao, kwamba kama angetaka tungeweza kufungua ubao wa juu, tukatoa misumari, tukaweka vishikizo vya mbao ili...

"Baba."

Alikuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, sikuwa nimejiandaa kwa hasira. "Kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili nakaa na simu nasubiri mama amalize. Unachukua, unauliza milango. Unauliza droo. Siku nimeumwa malaria nilikuwa nimelala pale kwenye mkeka, ukaniuliza kama kabati liko salama, nikasema liko salama. Umewahi kuniuliza mimi naendeleaje?"

"Nilitaka uniite," nikasema. "Kwetu baba haji..."

"Najua kwetu baba haji. Umenisimulia mpaka naota kaburi la babu. Ningekuita, ungekuja na randa, ungetengeneza, ungepanda gari. Wewe ulikuwa unasubiri niite fundi, baba. Mimi nilikuwa na hamu na wewe. Huyo fundi simhitaji, unaona mwenyewe, kazi yake naiweza."

Kisha akafuta mikono kwenye khanga, japo povu lilikuwa limeshakauka zamani.

Miaka yote nimewasuta watu wanaobana mbao isipate pa kupumulia, na mtoto wangu mmoja nilikuwa nimempa Jumapili moja kwa wiki ya kuzungumzia bawaba. Moyo uliniuma, nao uliuma vizuri, kama kidole kilichokufa ganzi kinapopata damu tena.

Nje mashine ikazimwa. Baada ya kitambo tukasikia pikipiki, na Liberatus akaingia, mweupe kwa pumba hadi nyusi. Alishtuka kuniona. Akainama, "Shikamoo baba," na macho yake yakaenda kwenye mfuko wa zana, kwenye kabati lililo wazi, kwa mke wake, yakarudi kwangu. Niliona anajiuliza nimefuata nini nyumbani kwake bila kuitwa.

Mama yake akawahi kutoka barazani. "Mkwe amepita kuliangalia kabati," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Si unajua mafundi na kazi zao."

Mungu ambariki mama yule. Alikuwa amenifungulia mlango niliokuwa nautafuta tangu ukungu wa mwezi wa tano, tena mbele ya mkwe, bila aibu yoyote. Ningeitikia kwa kichwa tu. Ningefungua mfuko, ningetoa nyundo, na kila kitu kingekaa mahali pake.

Devota alikuwa anatazama sakafu. Hakunisaidia.

"Hapana," nikasema. "Kabati ni zima, halina shida. Nilikuwa na hamu na mwanangu. Nimekuja."

Liberatus akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya kwao, naye hakujua kwamba ninaijua. Halafu akachukua mfuko wa zana mkononi mwangu, kwa mikono miwili, akauweka nje ya mlango. "Karibu sana, baba," akasema. "Utalala?"

"Nitalala."

Devota akageuka haraka kuelekea kabatini kutoa sahani za chakula, nne, ya mama mkwe wake ikiwemo. Nikavuta kiti cha plastiki nikakaa.

"Naendelea vizuri, baba," akasema, bado amenipa mgongo. "Nimepungua kidogo ile wiki ya malaria, lakini sasa nakula."